Kuligeuza Duka Dogo Bila Kula Mtaji

Maswali yenu kuhusu muonekano wa duka hayaishi, na mengi yanafanana. Mwenye fremu ya vipodozi ya mita tatu kwa nne anauliza aanzie wapi. Mwenye duka la nguo anaona jirani ameweka marumaru na taa, na wateja wanaanza kuhamia huko. Mwingine ana duka la rejareja la mtaani na anauliza kama akope ili alirembe. Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Jibu fupi ni hili: usianze na urembo. Anza na mambo manne ambayo kila mteja anayahitaji:

- alione duka,
- aingie bila kusita,
- akute anachotafuta,
- alipe bila usumbufu.

Kila shilingi unayotaka kuitoa, iulize inasaidia lipi kati ya hayo manne. Isiyosaidia hata moja ibaki kwenye bidhaa. Duka lenye dari ya jipsamu na shelfu tupu liko njiani kufungwa, hata kama picha zake zinapendeza.

## Kabla ya fundi, vuka barabara

Mwenye duka hulizoea duka lake mpaka haoni tena kasoro zake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulitazama kama mpita njia.

1. Vuka upande wa pili wa barabara na upige picha duka zima. Fanya hivyo asubuhi, mchana wa jua kali, na saa moja usiku.
2. Mpe simu mtu asiyelijua duka lako na umuulize: hapa panauzwa nini? Akikawia kujibu, tatizo lako la kwanza ni bango, si rangi.
3. Tembea kutoka kila upande wa barabara. Angalia ni wapi duka linaanza kuonekana, na nini kinaliziba: mti, nguzo, gari linaloegeshwa, au bidhaa zako mwenyewe.
4. Ingia ndani na usimame hatua moja baada ya mlango. Andika vitu vitatu vya kwanza unavyoviona. Kama ni ndoo ya dekio, maboksi na waya zinazoning'inia, ndivyo mteja anavyokutana navyo kila siku.

Picha hizo zitunze. Utazihitaji mwishoni kulinganisha.

## Mkataba kwanza, rangi baadaye

Wapangaji wengi wa fremu hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Hatari yake inajulikana: mpangaji anaweka marumaru, dari na umeme mpya, mkataba unaisha, mwenye nyumba anaona fremu imependeza na anapandisha kodi, au anampa ndugu yake. Marumaru haing'oki ukaondoka nayo.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja:

- Soma muda uliobaki. Ukiwa umebakiza miezi minne, zungumzia kuongeza mkataba kwanza.
- Omba ruhusa kwa maandishi. Orodhesha unachotaka kubadilisha, na mwenye nyumba asaini. "Mzee alisema sawa" haitakusaidia siku mzee hayupo na watoto wake ndio wanaosimamia.
- Patana kuhusu gharama za kudumu. Sakafu, mfumo wa umeme na mlango vinabaki kwake. Ni haki kumuomba akate sehemu ya kodi au akuhakikishie kodi haitapanda kwa muda mtakaokubaliana.
- Weka fedha zako kwenye vitu vinavyohamishika. Shelfu za kusimama, kaunta isiyojengewa, kabati la vioo, taa na bango la kufungwa kwa skrubu utaondoka navyo.

Na jambo moja halina mjadala: usibomoe ukuta wala kugusa nguzo ili kupanua nafasi bila mhandisi na kibali. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 liliua zaidi ya watu 20. Jengo ni la wote waliomo, hata kama fremu ni yako.

Walio Mji Mkongwe wa Zanzibar au mji wa kale wa Lamu wana sharti la ziada. Miji hiyo iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na huwezi kujibadilishia mlango, baraza au uso wa nyumba upendavyo. Zanzibar, anzia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Fanya hivyo kabla ya kumwita fundi. Mlango wa mbao ulio imara, ukisafishwa na kupakwa mafuta, unavuta wateja kuliko wa alumini utakaoamriwa kuung'oa.

## Toa kabla ya kuongeza

Hatua hii ni ya bure, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tenga siku moja ya biashara hafifu, toa kila kitu kwenye shelfu, kisha gawa mafungu matatu:

- Kinachotembea: kinauzwa kila wiki. Kirudi mbele.
- Kinachosuasua: kinauzwa mara chache ila kina wateja wake. Kirudi kwa uchache, kingine kikae stoo.
- Kilicholala: hakijaguswa kwa miezi. Kipunguze bei, kifungashe pamoja na kinachotembea, au ukitoe. Kilichopita muda wa matumizi kitupwe leo.

Baada ya hapo bandua kila kalenda ya zamani, stika iliyochanika na tangazo la promosheni iliyokwisha. Futa gundi. Osha vioo kwa maji na sabuni, ukaushe. Pangusa feni. Funga waya kwenye ukuta kwa vibanio au kwenye mfereji wa plastiki.

Wengi wakimaliza hatua hii hugundua kwamba nusu ya ukarabati waliokuwa wanauwazia hauhitajiki tena. Ndiyo maana naisisitiza kabla ya kuzungumzia fundi.

## Uso wa duka: bango na mlango

Bango la duka dogo linahitaji mambo matatu tu: jina, unachouza, na namba ya simu. Usiandike orodha ya bidhaa ishirini. Anayepita kwa bodaboda hana muda wa kuisoma.

- Ukubwa wa herufi. Herufi ya kimo cha sentimita 10 husomeka bila shida kutoka mita 12 hivi. Barabara yako ikiwa pana, ongeza. Namba ya simu inaweza kuwa ndogo, kwa kuwa anayeihitaji atasogea.
- Rangi mbili, tatu kwa wingi. Herufi nyeupe juu ya bluu iliyokolea, au nyeusi juu ya njano, zinaonekana mbali. Nyekundu juu ya kijani, au njano juu ya nyeupe, zinasumbua macho.
- Mwandiko wa kawaida. Herufi za mikogo hupendeza kwenye kadi ya harusi. Kwenye bango zinakula jina lako.
- Tahajia. Omba kuona mchoro kabla haujachapwa, na msome watu wawili.

Kuna swali linalojirudia sana hapa: kampuni ya soda au ya simu ikijitolea kupaka duka rangi zake na kuweka bango bure, nikubali? Kubali ukiwa umeelewa unachotoa. Ukuta wako wote unakuwa tangazo lao, na duka lako linafanana na mengine kumi mtaani. Ukikubali, dai sehemu kubwa ya bango iandikwe jina la duka lako, na uulize tangazo litakaa muda gani na nani atalipia ushuru wa bango. Halmashauri na kaunti nyingi hutoza mabango. Ulizia ofisini kwao kabla hujatundika, maana faini huzidi bei ya kuuliza.

Angalia pia hifadhi ya barabara. Tanzania Bara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Baraza la zege, kibanda cha nyongeza au nguzo ya bango ukiijenga humo, siku ya alama ya X ya bomoabomoa hutalipwa. Mbele ya duka weka vitu vya kuondoka navyo jioni: turubai la kukunja, ubao wa kusimama, meza nyepesi.

Mlangoni acha njia ya wazi ya angalau sentimita 90. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi apite bila kujikunja. Kama kuna ngazi ndefu, weka ya kati au mteremko, wazee watakushukuru.

Kwa bidhaa za kuning'iniza, jifunzeni kwa wauza leso wa Biashara Street, Mombasa. Wao hutundika leso mlangoni zikiwa zimekunjuliwa, rangi na maandishi yakaonekana kutoka barabarani. Hawatundiki zote. Wanatundika zile za kumsimamisha mtu, nyingine ziko ndani zimekunjwa. Duka la nguo lenye midoli sita mlangoni, yote imevalishwa mitindo tofauti, linaziba njia na halimwambii mteja chochote. Midoli miwili inatosha. Ibadilishe nguo kila wiki.

## Rangi: maandalizi ndiyo kazi

Rangi ni mabadiliko ya bei nafuu kuliko yote, lakini ikipakwa juu ya ukuta mbovu itabanduka ndani ya msimu mmoja wa mvua. Utaratibu ni huu:

1. Tafuta chanzo cha unyevu kwanza: bomba, paa, au maji yanayopanda kutoka chini. Usipokizuia, fangasi watarudi juu ya rangi mpya.
2. Kwangua rangi inayobanduka, ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi.
3. Pakaza praima.
4. Paka rangi mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili.

Fanya hesabu mwenyewe ili usiuziwe ndoo usiyoihitaji. Fremu ya mita 3 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina kuta za mita za mraba 42. Ukitoa mlango wa mita za mraba 6 zinabaki 36. Kupaka mara mbili ni 72. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta laini, kwa hiyo unahitaji lita 7 na kidogo. Galoni mbili za lita 4 zinatosha. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20, muulize nyingine inakwenda wapi.

Kuhusu kuchagua rangi: kuta ziwe nyepesi, mfano nyeupe isiyo kali au krimu, ili bidhaa ndizo zionekane. Rangi ya kutambulisha duka lako iweke ukuta mmoja, kwenye kaunta na kwenye bango. Sehemu ya chini ya ukuta, karibu mita moja, ipake rangi ya mafuta iliyokolea kidogo. Hapo ndipo viatu, mabegi na mikono hugusa, na inaoshwa kirahisi.

## Mwanga: usiubanie hapa

Maduka mengi ya mtaani hupata wateja wengi kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, watu wakirudi kazini. Ukiwa na balbu moja katikati, kivuli cha mteja mwenyewe kinaziba bidhaa anazotaka kuziona.

- Sambaza taa. Taa ndogo kadhaa zinazoangaza shelfu ni bora kuliko moja kubwa.
- Soma boksi. Mwanga wa kelvini 3000 ni wa manjano na unafaa mkate, matunda na mapambo ya nyumbani. Kelvini 4000 ni mweupe wa kati na unafaa maduka mengi. Kelvini 6500 una ubluu, nao hufanya ngozi na nguo vionekane vimepauka.
- Rangi halisi. Kwa nguo na vipodozi tafuta taa yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi) ya 90. Kwa bidhaa nyingine 80 inatosha. Hutasikia tena mteja akisema kitambaa alichonunua usiku kilikuwa na rangi nyingine asubuhi.
- Gharama. Taa sita za LED za wati 9 zikiwaka kwa muda wa saa 12 hutumia uniti 0.65 hivi. Balbu sita za zamani za wati 60 zingekula zaidi ya uniti 4 kwa muda huohuo.

Onyo: friji, feni, pasi na taa visining'inizwe kwenye ekstensheni moja. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aongeze soketi na kuangalia kivunja saketi. Ununue na kizimamoto, ukitundike mahali unapokifikia bila kuruka maboksi.

## Ndani: panga kwa macho na miguu ya mteja

- Kimo cha macho, kati ya sentimita 120 na 160, ndipo pa kuuzia. Weka hapo bidhaa zenye faida nzuri. Bidhaa za watoto zishuke chini, bidhaa nzito kama unga na mafuta ya lita tano zikae karibu na sakafu.
- Vya kila siku vikae ndani. Anayefuata sukari atapita mbele ya vingine.
- Vidogo vya thamani kama manukato na simu vikae kwenye kabati la vioo karibu na muuzaji.
- Kaunta iwe sentimita 90 hadi 100, na juu yake pawe wazi. Pakijaa pipi, chaja na vitabu vya madeni, mteja hana pa kuweka mfuko wake.
- Namba ya kulipia kwa simu ichapwe kubwa, pamoja na jina litakalotokea. Mteja asiulize mara tatu.

Kama unauzia nyuma ya nondo kwa sababu ya usalama, sikushauri uzitoe ili kupendeza. Zipake rangi nyeusi au kijivu kilichokolea: nondo nyeupe huvuta macho, nyeusi huyaacha yapite hadi kwenye bidhaa. Kisha angaza ukuta wa nyuma na uupange vizuri, kwa kuwa huo ndio kioo chako cha maonyesho.

## Najua mtasema

"Duka likipendeza sana, wateja watadhani bei imepanda." Hofu hii ni ya kweli, hasa mitaa ya kipato cha chini. Dawa yake ni kuandika bei ya bidhaa tano zinazojulikana, kama sukari, mchele na sabuni, kwenye ubao wa mlangoni. Usiondoe benchi ambalo wazee hukaa, wala usibadilishe salamu.

"Nikiandika bei, kupatana kutakufa." Andika bei ya vitu ambavyo hampatani. Kwa nguo na viatu andika "kuanzia". Wengine huogopa kuuliza bei na hupita moja kwa moja, na hao huwezi kuwahesabu kwa kuwa hawakuingia.

"Chema chajiuza." Ni kweli, kikionekana. Kikiwa nyuma ya boksi, gizani, kitakaa hapo.

"Nikope?" Kwa ajili ya muonekano peke yake, hapana. Fanya kwa awamu: usafi na kupanga mwezi huu, taa mwezi ujao, rangi na bango baadaye. Taa na bango ukizipata kwa faida ya duka lenyewe, utalala usingizi.

## Kufanya kazi na fundi

1. Nunua vifaa mwenyewe, au nenda naye dukani. Risiti zikae kwako.
2. Andikianeni kazi, bei na siku ya kumaliza.
3. Lipa kwa mafungu matatu: kuanza, katikati, na baada ya kukagua. Fundi aliyelipwa yote mwanzoni ana kazi nyingine ya kukimbilia.
4. Fuata mpangilio: umeme, dari, kuta, sakafu, shelfu, bango. Ukipaka kabla ya umeme, kuta zitachimbwa upya.
5. Tenga akiba ya sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa yasiyotarajiwa.
6. Ukilazimika kufunga, bandika mlangoni tarehe ya kufungua na namba yako. Mteja akikuta kufuli bila maelezo mara mbili, atazoea duka jingine.

## Makosa ninayoyaona zaidi

- Kuiga duka la katikati ya jiji bila kuangalia wateja wa mtaa wako.
- Kuweka marumaru zinazoteleza mlangoni, mvua ikinyesha watu wanaanguka. Chagua zenye uso usioteleza.
- Kuweka spika kubwa nje ambayo inawafanya wateja wapaze sauti kuomba wanachotaka.
- Kupanga vipodozi, vyakula au dawa kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni. Vinaharibika, na maboksi yanapauka.
- Kutumia fedha zote kwenye ukarabati na kufungua bila bidhaa mpya.

## Pima, kisha uendelee

Kwa wiki mbili kabla ya kuanza, andika kila jioni mauzo ya siku na idadi ya walioingia. Fanya hivyo tena kwa wiki nne baada ya kumaliza. Usilinganishe wiki ya mwisho wa mwezi na ya katikati, wala mwezi wa Ramadhani na wa kawaida, kwa kuwa mifuko ya watu haifanani.

Walioingia wakiongezeka na mauzo yakabaki palepale, uso wa duka umefanya kazi na tatizo liko ndani: bei, bidhaa au huduma. Walioingia wakiwa walewale lakini kila mmoja ananunua zaidi, upangaji wa ndani umefaulu na bango linahitaji kuangaliwa. Hapo utajua awamu inayofuata iende wapi, na hutahitaji kubahatisha wala kumuiga jirani.

Anza Jumapili hii na yale ya bure: picha tatu kutoka ng'ambo ya barabara, mafungu matatu ya bidhaa, ndoo ya maji na sabuni.